Mistari Aliyoifuta Kanuni

Kila asubuhi Kanuni alivua viatu chini ya meza, akaweka chai kando ya kibodi, kisha akasoma mabadiliko ya jana kwenye programu kabla ya kunywa. Leo simu iliita chai ikiwa bado inafuka moshi.

"Kanuni, umenifuta."

Ofisini walimwita hivyo kwa sababu programu zake za Haskell, lugha ya kuandikia programu, zilifuata lugha rasmi tu, na kompaila yoyote, kile chombo kinachoitafsiria kompyuta programu, ikazikubali. Aliyepiga, kutoka mapokezi ghorofa ya chini, ni Mbwembwe, jirani yake wa meza ya dirishani, mpenda viendelezi: vile vipengele vya ziada ambavyo kompaila mpya huvipokea na ya zamani huvikataa. Leo alikuwa anahamia tawi la mbali.

"Sijakufuta," alisema Kanuni.

"Klasi yangu, ile iliyounganisha aina mbili za data, iko wapi? Umeipasua vipande. Hata sijaondoka, bibie."

"Lugha rasmi inasema klasi moja, aina moja."

"Ndiyo maana unakula peke yako."

Siku nyingine angecheka. Safari hii alisukuma kiti nyuma, na simu ikakatwa.

Alishuka ngazi mbio, miguu mitupu, sketi ya kijani ikimnasa magotini. Mapokezi palijaa watu. Mbwembwe alisimama mlangoni na shati lake la bluu lisilopigwa pasi, amekumbatia boksi. Nje, dereva alikuwa akipiga honi.

"Viatu viko wapi?"

"Achana na viatu. Kompaila ya huko uendako ni ya zamani. Nilimpigia fundi wao nikamuuliza. Programu yako ingekwama mstari wa kwanza, ule unaowasha kiendelezi. Ungeaibika siku ya kuripoti."

Mbwembwe aliweka boksi chini taratibu. "Ukaiandika upya yote?"

"Wikendi nzima."

"Si ungeniambia?"

"Niliandika kwenye maelezo ya mabadiliko. 'Imebadilishwa ili iweze kuhama.'"

"Hayo umeiambia kompyuta, Kanuni. Mimi nikajua unasafisha meza, hutaki hata alama yangu ibaki."

Honi ililia tena. Akainua boksi. Kanuni alitazama vidole vyake vya miguu juu ya sakafu baridi, akaona wazi kwamba sentensi nyingine ya kuzungukazunguka ingemsindikiza huyu mtu hadi garini.

"Nakupenda," alisema, kwa sauti iliyowageuza watu wa mapokezi. "Ukifika, waulize kama wana meza ya pili. Nitakuja."