Ndoo Nne Katika Tangi la Saba

Mkuyuni saa nne asubuhi hakuna anayemsikia mwenzake. Grainda zinalia, bodaboda wanapiga honi, muuza miwa anabishana na mwenye duka la rangi. Katikati ya vurugu hizo Shimba alikuwa amepiga goti juu ya geti la mtu, miwani myeusi usoni, cheche zinamrukia kwenye ovaroli. Alipoinua kichwa akaona viatu vya mpira vya kijani, vile virefu vya kuingilia matope. Akapandisha macho taratibu: sketi ya kitenge cha njano, fulana nyeupe, nywele za mabutu, na karatasi mkononi.

"Habari za kazi, kaka. Nimeambiwa wewe ni fundi usiyechelewesha."

"Nani kakudanganya? Nachelewesha. Ila sifanyi kazi mbovu."

Dada akacheka. Akampa karatasi. Ilikuwa mchoro wa fremu kumi na mbili za duara, zenye wavu, za kufunikia matangi.

"Umechora wewe?" Shimba akauliza.

"Mimi."

"Mbaya. Hizi nondo ulizoandika ni za geti la benki. Utanyanyua na mkono gani? Huo uliokonda kama tambi?"

"Mkono huu huu unabeba maji ya ziwa kila siku."

"Kumbe unafuga samaki."

"Nafuga maji."

Muuza miwa akaangua kicheko mpaka panga likamponyoka. Shimba hakucheka. Alivua miwani, maana alitaka kumwona vizuri.

Jina lake Paskazia, mtu wa Ukerewe. Alikuwa anafanya kazi kwenye kituo kimoja cha utafiti ufukweni, mwendo wa dakika ishirini kwa pikipiki. "Tunachota kipande cha ziwa tunakifungia kwenye tangi," akamweleza huku wanakula miwa. "Halafu tunakichokoza tuone kitafanyaje. Ziwa zima huwezi kulichokoza, ni kubwa, tena ni la watu. Wenzetu wa pwani wanaifungia bahari hivyo hivyo."

"Unakichokoza na nini?"

"Mbolea. Ile inayosombwa na mvua kutoka mashambani. Kaka yangu alikuwa na vizimba vya sato kule kwetu. Akaamka siku moja maji ni ya kijani kama mlenda, samaki wote matumbo juu. Nataka kujua kwa nini."

Shimba aliishia kidato cha pili, mambo ya utafiti hayakumhusu. Lakini mtu anayekasirika kwa ajili ya kaka yake alimwelewa. Alitengeneza fremu kwa bomba jembamba, nyepesi, na bawaba juu. Akazipeleka mwenyewe. Paskazia akainua moja kwa kidole, akamtazama.

"Tambi imeweza," akasema.

Baada ya hapo simu zikawa hazikatiki.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na samaki furu. Wewe?"

"Sijala. Nahesabu vidudu kwenye hadubini."

"Acha vidudu, ule. Ukikonda zaidi ya hapo nitakuchomelea kwenye geti kama pambo."

"Shimba, wewe hujui kubembeleza hata kidogo."

"Sijui. Nije na chapati?"

"Njoo."

Wiki moja maji ya bomba yalikatika mtaa mzima aliopanga Paskazia. Jioni akarudi kutoka kazini, viatu mkononi, akakuta pipa lake limejaa mpaka mdomoni na limefunikwa na ungo. Akapiga simu hapo hapo.

"Nani kajaza pipa langu?"

"Mambo mengine hayaulizwi."

"Shimba."

"Kwetu Kisesa," akasema Shimba, "mama yangu hajawahi kumwambia mtu kwamba anampenda. Akikupenda anakujazia pipa. Unarudi, unalikuta. Basi."

Paskazia akavuta beseni, akatia miguu. "Kwa hiyo wewe umeniambia nini?"

"Nimekuambia lita mia mbili."

Alicheka akiwa amekaa kizingitini, miguu ndani ya beseni, na akabaki na simu sikioni hata ilipokwisha salio.

Jaribio lilikuwa la siku sitini. Siku ya thelathini na moja ikaangukia Jumapili, na Paskazia alikuwa amevuka kwenda Ukerewe kwenye ubatizo wa mtoto wa kaka yake. Asubuhi Shimba akaenda kituoni, maana alikuwa ameahidi kurekebisha bawaba iliyolegea kwenye tangi la saba.

"Shikamoo, mzee Yeremia."

"Marahaba. Ingia, mkwe," mlinzi akamjibu, akarudi kwenye redio yake.

Shimba akafungua kifuniko. Maji yalikuwa mazito, ya kijani, na jua lilikuwa limeyanywa: yameshuka karibu shubiri nzima chini ya mstari. Akaona huruma. Mtu wake yuko safari, chombo chake kinapungua. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kupungua kwenyewe kunaandikwa. Akachukua ndoo ya rangi, akaiosha, akashuka ziwani. Ndoo nne. Maji yakafika mstarini. Akafunika, akaondoka anapiga mluzi, roho nyeupe.

Jumatatu jioni simu ikalia.

"Shimba," sauti ya Paskazia ilikuwa imekauka. "Tangi la saba lina vidudu."

"Si ndiyo kazi yako, vidudu?"

"Hili halikutakiwa kuwa navyo. Siku ya kwanza tulichuja maji yote kwa kitambaa. Vidudu vinakula ule ukijani, vikiingia vinaharibu hesabu. Dokta Jonathan, mkuu wetu wa kazi, anasema sikuosha chombo cha kuchotea. Nikishindwa kueleza vimetoka wapi mpaka Ijumaa, anafuta jaribio lote na nafasi yangu anampa mtu mwingine. Na mimi nakumbuka niliosha. Au sikuosha? Hata sijui tena."

Shimba alikuwa amesimama na nondo mkononi. Mtu aliyewahi kumwambia diwani mbele za watu kwamba geti lake ni la kishamba, siku hiyo alizikumbuka ndoo zake nne, akaiweka nondo chini, akachagua neno dogo kuliko yote.

"Pole," akasema.

"Pole tu?"

"Pole sana, mpenzi."

Jumanne alipokea simu akasema yuko juu ya paa la mtu. Jumatano hakupokea. Alhamisi ukaja ujumbe: *Kama umenichoka niambie. Si wewe ndiye msema kweli wa Mkuyuni?* Akausoma mara sita. Siku hiyo alichomelea mlango wa mteja juu chini, komeo likaangalia ardhi.

"Una nini wewe?" muuza miwa akamuuliza.

"Niliharibu kitu cha mtu."

"Kamwambie."

"Nikimwambia ataniacha."

"Usipomwambia je?"

Shimba akachukua grainda akaanza kukata mlango upya.

Ijumaa saa tatu aliingia kituoni na ovaroli lake. Paskazia alikuwa amesimama kati ya matangi, koti jeupe, macho mekundu. Pembeni yake Dokta Jonathan, baba wa makamo mwenye kofia ya majani, alikuwa anafunga daftari.

"Ni mimi," Shimba akasema, hata salamu akasahau. "Jumapili. Nilikuta tangi la saba limepungua, nikalijaza."

Paskazia alimtazama kama mtu anayemsikiliza kwa mbali.

"Ulijaza kwa maji gani?" Dokta akauliza.

"Ya ziwa. Hapo chini, penye jiwe lenye kutu."

"Ndoo ngapi?"

"Nne. Lita ishirini ishirini. Zilijaa mpaka juu, mimi simwagi. Ndoo ilikuwa ya rangi, niliiosha mara mbili. Ilikuwa saa mbili na robo, redio ya mzee Yeremia ilikuwa ndiyo inamaliza taarifa ya habari."

Dokta alifungua tena daftari, akampa Paskazia. "Andika. Kama tunajua kilichoingia, kiasi gani na lini, hatufuti kitu. Na jina la aliyetia liandikwe."

Paskazia akaandika. Alipomaliza akamtangulia Shimba mpaka getini, na hapo ndipo akageuka.

"Siku nne nilijiona mwizi wa kazi yangu mwenyewe. Nilimpigia mama nikamwambia mimi mzembe."

"Nilikuwa sijui, Paska. Kwetu..."

"Najua kwenu. Kujaza tangi hukujua. Kunyamaza ulijua." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Nenda kazini, Shimba."

Akaenda. Hakupiga simu, kwa sababu hakuwa na cha kujitetea na kubembeleza hajui. Wiki mbili zikapita. Alikuwa anafika karakana wa kwanza na kuondoka wa mwisho, hataki mtu amtanie, na muuza miwa akawa anamwekea kipande cha muwa juu ya mtungi wa gesi bila kusema kitu.

Jumatano ya wiki ya tatu alifika saa moja na nusu akakuta majirani wote wamesimama nje wanajifanya wana shughuli. Pipa lake la kupozea chuma, ambalo tangu alinunue halijawahi kuvuka nusu, lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Maji yalikuwa yanatikisika kidogo ukingoni. Kando yake, juu ya geti lisilomalizika, alikaa Paskazia. Sketi ya kitenge cha njano imelowa mpaka magotini, viatu vya mpira miguuni.

"Tangi la saba limeanza kusafika," akasema, kana kwamba waliagana jana. "Vile vidudu vyako vinakula. Dokta anasema tangi moja halithibitishi kitu. Anataka matatu mengine, ndoo nne nne, safari hii makusudi. Natafuta mtu anayejua kuhesabu ndoo na asiyemwaga."

"Mimi ninaye," akasema Shimba.

"Akikosea aniambie siku hiyo hiyo."

"Saa hiyo hiyo."

"Nitaona."

Shimba akatia kidole kwenye pipa, akakitoa, akakiangalia kinavyodondosha maji. "Na hili? Nalo la Dokta?"

"Hilo Dokta halimhusu."

"Umeniambia nini, Paska?"

"Ndoo kumi na moja. Bomba liko kule kwa fundi magari, nimevuka barabara mara kumi na moja na hawa wote wananiangalia. Sasa unataka nikutafsirie?"

Muuza miwa akakohoa. Shimba akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Jumamosi twende Kisesa," akasema. "Mama akuone. Halafu mimi nije Ukerewe na wazee, kwa mambo yenyewe. Kama unataka. Mimi nataka."

Paskazia alisikiliza kama kuna kitu Shimba amekificha. Hakikuwepo.

"Mama ana mapipa mangapi?"

"Mawili."

"Basi tuondoke mapema," akasema, akainama akaanza kumwaga maji yaliyoingia kwenye kiatu chake cha kushoto.