Mdomo wa Mpira

Kila siku masomo yalipokwisha, Rula alipitia kwenye duka la ushonaji la shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Kazi yake hapo ilikuwa kuokota pini sakafuni kwa sumaku, kufagia vipande vya vitambaa na kufumua mishono iliyokosewa. Rula halikuwa jina lake halisi. Ila tangu darasa la tatu alitembea na rula ya chuma aliyopewa na shangazi, akipima kila kilichosimama na kilicholala, na wenzake hawakukawia kumbatiza jina hilo.

Shangazi alishona huku akivumisha puani nyimbo za bendi. Alikuwa mpiga tarumbeta, tena si wa kubahatisha. Miaka kumi na minne alisimama mstari wa mbele katika bendi ya mji, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa. Kisha asubuhi moja aliamka upande wa kushoto wa uso wake umelegea. Alitibiwa, jicho likarudi kufumba, shavu likarudi nusu, lakini midomo haikubana tena sawasawa. Na tarumbeta ni midomo. Bila midomo ni shaba tu. Lake liliwekwa juu ya kabati la dukani, likafunikwa kitambaa, na kila aliyeingia akajifanya halioni.

Basi mwalimu wa usanifu alipowaagiza wanafunzi watengeneze chombo cha kupuliza kwa ajili ya mtu ambaye vyombo vya kawaida vimemshinda, Rula hakuhitaji kuumiza kichwa. Mwalimu alitoa masharti yake. Hakuna kunakili chombo kilichokwisha kutengenezwa. Waanze na kanuni yenyewe: kitu kitetemeke, kiitetemeshe hewa, na bomba liamue sauti iwe nene au nyembamba. Na kila jaribio liandikwe daftarini, hasa lile lililoshindikana.

Rula alipangwa pamoja na Kasuku, mvulana aliyezungumza hata akiwa anatafuna. Wakajiuliza: kama midomo ya shangazi haitetemeki, kitetemeke nini badala yake? Walijaribu karatasi, ikalowa mate. Walijaribu mfuko wa plastiki, ukalia kama mbu kisha ukachanika. Siku ya tisa Kasuku alikata kipande cha glavu ya mpira, akakikaza juu ya kikopo kama ngozi ya ngoma. Wakapenyeza bomba la maji la plastiki kutoka chini ya kikopo hadi likaugusa ule mpira, wakaziba kandokando kwa gundi, wakatoboa tundu la kupulizia ubavuni. Kasuku akapuliza. Ikatoka sauti nene ya kutetemesha meza, hata mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza nani ameingiza ng'ombe darasani.

Furaha iliyoje! Mpira ulikuwa umechukua kazi ya midomo, na pumzi iliyotakiwa ilikuwa ndogo tu. Rula alitoka mbio mpaka dukani, akamwahidi shangazi kwamba Jumamosi, siku ya maonyesho, shangazi mwenyewe atapiga wimbo mzima mbele za watu. Shangazi alipitisha mshono uleule mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kweli mtu mwenye mdomo kama wake anaweza.

Zilibaki siku tano na matundu sita ya vidole. Mwalimu alikuwa amewafundisha namna yake: toboa tundu dogo, puliza, sikiliza, lipanue kidogo kwa tupa, puliza tena. Tundu la kwanza lilikula alasiri nzima. Kasuku aliona raha, Rula akachemka. Kwa mwendo huo, alijiambia, Jumamosi itawakuta bado wanakwangua.

Siku iliyofuata, Jumatano, alitumwa stoo kuchukua msasa. Nyuma ya makopo ya rangi akaona chombo cha wanafunzi wa mwaka uliopita, nacho cha bomba na mpira, kina matundu sita yaliyopangika vizuri. Shetani hana kazi nyingine siku kama hizo. Rula alitoa rula yake, akapima umbali wa kila tundu na upana wake, akaandika kiganjani. Kisha akarudi na kumwambia Kasuku kwamba amepiga hesabu. Kasuku alipotaka kuiona, alimjibu kwamba asingeielewa. Akatoboa matundu matano yaliyobaki kwa mkupuo mmoja, na daftarini akaandika neno moja: hesabu.

Walipopuliza, baadhi ya sauti zilikaa upogo. Kasuku alikunja uso. Rula alijua papo hapo kwamba mambo yameharibika, lakini akasema ni mpira haujakazwa.

Alhamisi shangazi alikuja karakana ya shule akiwa amevaa gauni lake la kutokea. Alikishika chombo kwa mikono miwili, akaubana upande wa kushoto wa mdomo wake kwa kidole, akapuliza. Sauti ya kwanza ilitoka safi, machozi yakamlenga. Kisha akaanza wimbo. Sauti ya tatu ikazama, ya nne ikapotea kabisa. Alirudia. Alirudia tena, pumzi zikimwishia, akibana mdomo kwa nguvu zaidi kila mara. Mwishowe alikifuta chombo kwa ncha ya kilemba chake na kukilaza mezani.

"Chombo ni kizuri, wanangu," alisema. "Mdomo wangu ndio umekwisha. Nilijua, nikawa najidanganya tu."

Akawaomba watafute mpigaji mwingine wa Jumamosi, akaaga, akaondoka. Kasuku, akidhani anamfariji Rula, alisema labda kweli ni mdomo.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Shangazi mwenyewe alikwisha kubeba lawama, tena kwa hiari yake.

Ijumaa alipofika dukani alikuta kabati halina kitu juu yake. Tarumbeta lilikuwa mezani, limefungwa kwa kamba. Shangazi alimweleza bila kuinua kichwa kwamba bendi watakuja kulichukua saa kumi, walipate wenye midomo yao.

"Shangazi, usilitoe. Mdomo wako ni mzima kwa chombo kile. Matundu ndiyo mabovu. Niliiba vipimo vya chombo kingine, nikasema nimepiga hesabu."

Cherehani ilinyamaza. "Ulijua lini?"

"Tangu Jumatano."

"Kumbe jana uliniona naondoka vile, na ulikuwa unajua?"

Rula aliitikia kwa kichwa. Shangazi alikasirika, na hakuficha. Alikata uzi kwa meno, akalirudisha tarumbeta juu ya kabati, akafunga duka, akamshika mkono, wakaongozana hadi shuleni.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaleta chombo cha stoo na kukiweka kando ya chao. Bomba la mwaka uliopita lilikuwa jembamba zaidi, alieleza, kwa hiyo matundu yake hayafai kwenye bomba pana, sawa na mtu kuchukua kipimo cha mtoto akamshonea baba. Kundi lao halitashindania zawadi. Ila bomba jipya aliwapa.

Lililobaki ni Kasuku. Rula alimwambia yote, akangoja matusi. Badala ya kutukana, Kasuku alimsukumia tupa.

Wakaanza upya, shangazi akiwa katikati yao. Yeye alivumisha sauti inayotakiwa, Kasuku akapuliza, Rula akakwangua, hadi sauti mbili zikawa moja. Jumamosi saa nne, milango ya maonyesho ilipofunguliwa, walikuwa na matundu matatu tu.

Matundu matatu ni sauti nne. Shangazi alisimama mbele ya watu na kupiga mwito wa bendi wa kuanza gwaride, sauti nne zilezile mbele na nyuma, safi kama maji ya mtungi. Mdomo wake ulikuwa umepinda na hakujali. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mpiga ngoma wa bendi aliinuka akapiga saluti.

Mgeni mmoja akauliza kwa nini chombo hakijamalizika. Rula alimpa jibu: alinakili vipimo vya wengine, akadanganya, ikabidi waanze upya. Masikio yalimwaka moto, lakini alisema.

Walipokuwa wanafungasha, shangazi alimwita pembeni.

"Bomba bovu halikuniuma, mwanangu. Bomba jingine lilikuwepo. Kilichoniuma ni kwamba ulipoficha kosa lako, nililivaa mimi. Nilikesha usiku mzima nikiuzika mdomo wangu. Kosa likifichwa halifi. Linamtafuta asiyehusika, linamkalia. Ukikosea, sema mapema, kabla mwenzako hajajilaumu."

Rula alisema amesikia, na safari hii hakujitetea. Shangazi alimpangusa vumbi la plastiki begani, kisha akataka kujua Jumatatu wanaanza saa ngapi kutoboa tundu la nne.