Kitovu cha Mindra Kilizikwa Ng'ambo

Jua lilikuwa linashuka pale Koboko, na Mindra na Kavira walikuwa uani kwa Mama Odile wakitwanga sombe, majani ya muhogo, katika kinu kimoja. Kavira akaacha mchi, akachukua kipande cha muhogo uliochemshwa, akakikata katikati.

"Hii nusu. Nikikata nusu tena?"

"Robo."

"Sasa robo na nusu pamoja, iko ngapi?"

Mindra akavitazama vile vipande, kisha akacheka. "Robo tatu! Kumbe mwalimu angeleta muhogo darasani tungejua zamani!"

"Angeleta, angekula yeye," Odile akasema kutoka jikoni, na wote wakacheka.

Ndugu zangu, ukumbukeni ua huo, maana sisi wenyewe ndio tuliouvunja.

Odile alitoka Kongo, ng'ambo ya mpaka, akaishi kwetu akiuza samaki wakavu. Kavira ni binti yake, naye alikuwa darasa la saba pamoja na Mindra. Shule ile ya serikali ilikuwa na watoto wa kila namna: wa Kikakwa, wa Kilugbara, wa kutoka Sudan, wa kutoka Kongo. Walikaa dawati moja, wakagawana kalamu moja.

Januari ya mwaka 1976 matokeo ya darasa lililotangulia yakaja, na yalikuwa ya aibu. Wazazi wakaitwa mkutanoni. Dramadri, baba yake Mindra, akasimama wa kwanza. Huyo naye alihamia Koboko kutoka Aroi, lakini siku hiyo ungedhani yeye ndiye aliyeujenga mji.

"Watoto ya Kongo ndiyo iko naangusha sisi!" akapaza sauti. "Kiingereza hapana jua. Mutoto kama kitovu yake hapana zikwa hapa kwetu, arudi kwao!"

Mnajua desturi. Kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa, na kilipozikwa ndipo kwao. Watu wakalipitisha neno hilo liwe sheria ya shule, wakampigia Dramadri makofi.

Makofi! Nani pale hakujua kwa nini watoto wanaanguka? Siku ya kuvusha kahawa ya magendo, ungeingia darasani ungekuta madawati matupu yanautazama ubao. Watoto wako njiani, mizigo kichwani, kwa sababu askari wa mpakani hamsumbui mtoto. Na kahawa nyingi ilikuwa ya nani? Ya Dramadri huyo huyo! Mindra mwenyewe shingo ilimuuma kila wiki. Masomo yaliyompita aliyafuata jioni kwa Kavira, na Kavira akamweleza kwa Kiswahili yale ambayo mwalimu aliyasema kwa Kiingereza. Huyo ndiye eti anayetuangusha.

Waliporudi nyumbani Mindra akamfuata mama yake, Elena, jikoni.

"Mama, bibi alituambia mimi na Kavira kwamba kitovu changu kiko Ingbokolo, ng'ambo, mgombani kwa shangazi."

Elena akamziba mdomo kwa kiganja chenye unga. "Nyamaza! Uchungu ulinikuta sokoni kule, na baba yako alikuwa kusini anakata miwa. Mpaka leo hajui. Unataka anifukuze?"

Kesho yake Mwalimu Onzima, mkuu wa shule, akapita dawati kwa dawati. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu kelele za wazazi, na woga wa namna hiyo umeharibu mengi.

"Kavira, kitovu chako?"

"Beni, mwalimu."

"Chukua vitu vyako. Mindra?"

Kavira alikuwa amesimama, anajua ukweli, anamtazama rafiki yake. Mindra akainamisha kichwa.

"Hapa Koboko, mwalimu."

Kavira akachukua daftari zake. Akatoka. Wiki hiyo hiyo Odile akafunga samaki wake, wakavuka mpaka hadi Ingbokolo.

Je, shule ikapanda? Thubutu! Jioni hapakuwa tena na wa kumweleza Mindra, na mizigo haikupungua. Mitihani ya muhula ikaja mibaya kuliko kwanza. Wazazi wakaitwa tena, na Dramadri akasimama tena bila haya.

"Sasa ni hii watoto ya Sudan!"

Hapo Mindra, aliyekuwa nje dirishani pamoja na wenzake, akaingia, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, basi anza na mimi. Kitovu changu kiko Ingbokolo. Na sijui hesabu kwa sababu nabeba kahawa yako."

"Unasema nini, wewe mutoto?"

Elena akainuka polepole. "Anasema kweli, Baba Mindra. Mimi ndiye nilimzaa, mimi najua."

Kisha mzee Candia akakohoa. "Na mimi wangu wawili, kitovu iko Yei, Sudan. Nawapeleka wapi?"

Mama mmoja akataja Ariwara, mwingine akataja Aba, zote za ng'ambo, mpaka watu wakaanza kucheka. Lakini Dramadri hakucheka; aliona aibu, wala hakumfukuza Elena. Sheria ile ikafia pale pale, bila hata mtu wa kuilia.

Asubuhi Dramadri akampakia Mindra kwenye baiskeli, wakaenda Ingbokolo. Wakamkuta Odile sokoni, na Kavira kando yake anapanga samaki.

"Mama Kavira," Dramadri akasema, macho chini, "tumekuja chukua mutoto. Arudi shule."

Odile hakuacha kufukuza nzi. "Mutoto yangu si jembe, Baba Mindra. Hapana azima, tupa, kisha kuja chukua tena mvua ikinyesha."

Kavira akamsogelea Mindra, akamshika mkono wenye kucha zilizojaa vumbi la kahawa.

"Mmefika hesabu ya wapi sasa?" akauliza.

"Bado robo tatu," Mindra akajibu.

Novemba Mindra akafanya mtihani wa darasa la saba, akaanguka. Kavira hakuufanya kabisa.

MAFUNZO

Wazazi, msitafute mgeni wa kumtwisha uvivu na tamaa yenu. Mtoto unayempa mzigo siku ya shule, wewe ndiye uliyemwangusha, si jirani aliyetoka ng'ambo. Walimu, msitii kelele. Na wewe unayeujua ukweli, useme mapema, rafiki yako angali anakutazama. Ukingoja afike mpakani, utasema, na watu watakusikia, lakini yeye hatarudi.