Ukungu Kwenye Kioo

Kila alipotoka shule, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa kutofunga mdomo, alipitia karakana ya mjomba wake kuchochea moto wa kukaushia kalibu, umbo la udongo la kumiminia shaba. Mjomba alikuwa akisubu sanamu ya shaba ya kuwakumbuka wachimbaji waliofukiwa mgodini. Baba yake Chiriku alikuwa mmoja wao. Sehemu ya sanamu iliyobaki ilikuwa mkono wa kulia tu. Mama alikuwa ameufinyanga kwa nta, kidole cha mwisho kimepinda kama cha marehemu; nta ikafunikwa udongo, kisha ikayeyushwa itoke.

Kabla ya kumimina shaba, kioo huwekwa kwenye mdomo wa kalibu ya udongo. Kikishika ukungu, ndani bado kuna unyevu, na shaba itaruka. Jumamosi ile kilishika ukungu. Chiriku alikuwa amechoka kula moshi, na wenzake walimngoja wakaruke kamba. Alikifuta kwa sketi, akamwambia mjomba kalibu imekauka.

Shaba ilipoingia, kalibu ilinguruma, ikatema. Tone moja lilimuunguza mjomba shingoni. Walipovunja udongo, mkono ulikuwa matundu matupu, na kile kidole hakikuwepo. Mama aliutazama, akatoka.

Mjomba alimgeukia mzee aliyewauzia shaba chakavu, akamwita tapeli mbele ya watu. Mzee alijitetea, wapi! Akaondoka na mkokoteni wake mtupu. Chiriku, na maneno yake yote, alinyamaza ji.

Asubuhi alimkuta mjomba akijipaka dawa.

"Mjomba, shaba haikuwa na kosa. Kioo kilikuwa na ukungu, nikakifuta."

Mjomba aligusa kidonda chake shingoni. "Tone lile lingepiga jichoni," alisema. "Twende kwa mzee."

Mzee aliwasikiliza wote wawili wakiomba radhi. Hakutabasamu.

"Walionisikia nikiitwa tapeli ni wengi. Nani atawazungukia?"

Wakazunguka naye mlango kwa mlango, Chiriku akieleza kosa lake, uso chini.

Mama alianza nta upya, lakini kidole kilimshinda; alikuwa ameanza kusahau. Mwishowe alimshika Chiriku mkono, akakitazama kidole chake cha mwisho. Kilipinda vilevile. Mama akalia, kisha akafinyanga.

Safari hii Chiriku alichochea mpaka kioo kikatoka safi, akamwita mjomba ajionee. Shaba ilimiminika kimya. Mkono ukaungwa kwenye sanamu, mstari wa kiungo ukabaki. Chiriku aliomba ausugue upotee.

"Uache utukumbushe," mjomba alisema. "Ulipofuta kioo, maji yalibaki ndani. Uongo ndivyo ulivyo, mwanangu. Unafuta alama tu, na anayeungua ni mwingine."