Nyuzi za Bega la Kulia

Dobi wetu alikuwa akinyoosha nguo vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, na nimefahamu watu wengi. Mstari wa suruali aliyoipiga pasi ulikuwa mkali kama kisu. Kuna mwalimu aliyekaa vibaya na suruali iliyopigwa pasi na Dobi, akapasua kiti cha ofisini. Mimi sikuwepo kiti kilipopasuka. Lakini kiti nilikiona, na kilikuwa kimepasuka kweli.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, pasi ya mkaa nzito kama mtoto anayenyonya, na kamba tatu za kutundikia nguo. Ukutani kulikuwa na rafu ya makopo, na ndani ya kila kopo nyuzi za rangi moja.

Nyuzi hizo ndizo zilizokuwa kumbukumbu yake, kwa kuwa Dobi hakukaa shule muda mrefu. Kila mteja alikuwa na rangi yake. Shati likifika, Dobi alipitisha uzi ndani ya kola, akafunga fundo. Uzi wa kijani ulikuwa wa muuza dawa. Nyuzi mbili za manjano zilikuwa za yule mwalimu wa kiti. Kwa miaka kumi na minane hakuna shati lililokwenda kwa mtu asiye wake.

Kila jioni mkewe, Mama Pacha, alimfuata kazini na binti zao wawili. Walikuwa na miaka minne, na walizaliwa siku moja. Dobi aliinama, akamnyanyua mmoja kwa mkono wa kulia na mwingine kwa mkono wa kushoto. Akatembea nao hivyo mpaka nyumbani. Hakuna aliyegombania nafasi, maana mikono ilikuwa miwili na watoto wawili.

Siku moja Dobi alikuwa akipita mbele ya duka la samani, mzigo wa mashuka kichwani. Bango la duka hilo lilikuwa la bati na vyuma. Lilikuwa limelegea wiki nzima. Watu walimwambia mwenye duka, naye akasema atalishughulikia. Bango halikumsubiri.

Lilimwangukia Dobi. Mashuka yaliokoa kichwa. Bega la kulia halikuwa na shuka.

Mfupa ulivunjika mahali pawili. Dobi alilala hospitali siku tisa, akarudi nyumbani mkono umefungwa kifuani.

Sasa nikwambie jambo. Dobi alikuwa na ugonjwa mwingine, wa zamani kuliko bega. Ulikuwa ugonjwa wa "nzuri tu". Ukimuuliza habari, atakwambia nzuri. Nadhani hata bango lingemuuliza habari pale chini, angelijibu nzuri tu, pole na wewe kwa kuanguka.

Duka la samani lilikuwa na bima. Baada ya wiki tatu, ofisa wa bima alikuja nyumbani na faili.

"Hodi. Habari za hapa?"

"Nzuri. Karibu ndani, ofisa."

"Na bega linaendeleaje?"

"Zuri tu. Tunashukuru."

"Unalala vizuri?"

"Tunalala, bwana. Sisi tuko salama."

Mama Pacha alisimama mlangoni. Asubuhi ile alikuwa amemvisha mumewe shati na kumfunga vifungo vyote sita. Alikohoa. Dobi hakumtazama. Ofisa aliandika, akanywa maji, akaaga.

Barua ilikuja mwisho wa mwezi. Ilisema bima italipa gharama za hospitali na mapato ya wiki tatu. Chini iliandikwa: *Maumivu: hakuna. Mdai mwenyewe amesema bega ni zuri na analala salama.* Nyuma ya barua kulikuwa na hati ya kutia saini.

Shemeji yake, kaka wa Mama Pacha, ndiye aliyewasomea. Mtaani tulimwita Chumvi, kwa sababu habari ikipita kwake haitoki bila kuongezwa ladha. Mimi mwenyewe huwa najizuia, lakini Chumvi alikuwa hajizuii.

"Shemeji, hapa umejimaliza mwenyewe," alisema Chumvi. "Wewe mtu wa namna gani? Umevunjika bega, unajibu kama mtu aliyetoka harusini."

"Nimjibuje mgeni? Nianze kulia mlangoni?"

"Ungelia kidogo. Mimi ningelia mpaka faili lilowe."

"Nitie saini yaishe," alisema Dobi.

Mama Pacha akaichukua kalamu, akaiweka nyuma ya sikio lake. "Hutii saini kitu mpaka Bi Muhuri aione."

Bi Muhuri aliishi ng'ambo ya ua. Alikuwa karani wa mahakama miaka thelathini, akigonga mihuri. Alipostaafu, alianza kusaidia katika ofisi ya msaada wa sheria. Alivaa miwani yake, akasoma hati mara mbili.

"Afadhali hukutia saini," alisema. "Hapa wameandika kwamba ukipokea hela hizi, madai yamekwisha. Bega likikataa kupona mwakani, hutarudi kwao. Hati kama hii mtu haitii saini kabla daktari hajasema bega litafikia wapi. Ila usikae sana. Madai yana muda wake. Muda ukipita, mlango umefungwa."

"Lakini wamelipa hospitali," alisema Dobi.

"Hospitali ni kitu kimoja. Sikiliza, baba. Mtu akiumizwa kwa uzembe wa mwingine, kuna hasara zenye risiti. Dawa, nauli za kwenda kliniki, siku ulizokosa kazi. Hizo unaonyesha karatasi. Lakini kuna hasara isiyo na risiti. Maumivu yenyewe. Usingizi uliopotea. Mambo uliyokuwa ukiyafanya kwa furaha na sasa huwezi. Sheria inaitambua hiyo pia. Inaitwa fidia ya maumivu na mateso."

Dobi alicheka kidogo. "Maumivu yalipwe? Nani atayapima? Kwa mizani gani?"

"Hakuna mizani. Ndiyo maana yanahitaji ushahidi. Barua ya daktari. Watu wanaokuona kila siku. Na kumbukumbu yako mwenyewe, siku kwa siku. Sasa niambie ukweli. Bega vipi?"

"Zu..."

"Baba watoto," alisema Mama Pacha.

Dobi alimtazama mkewe. Kisha akasema polepole, akitazama sakafu. "Silali upande wa kulia. Nikijisahau nikageuka, naamka natoka jasho. Siwezi kujifunga kifungo. Mke wangu ananiogesha mgongo kama mtoto. Na jioni tukienda dukani nambeba mmoja tu. Yule mwingine anatembea kwa miguu, analia njia nzima. Nikimbeba yeye, analia mwenzake. Juzi wakaniambia baba, usitubebe tena, tutatembea wote. Hilo liliniuma kuliko mfupa."

Chumvi alimsogezea shemeji yake kiti.

"Hayo ndiyo mateso," alisema Bi Muhuri. "Na umeyakalia kimya mwezi mzima. Nunua daftari uandike."

"Kuandika kunanishinda, Bi Muhuri. Na mkono wa kuandikia ndio huu mbovu."

Akageuka, akatazama makopo yake, yaliyohamishiwa nyumbani tangu chumba cha kazi kifungwe. Akayatazama muda mrefu.

"Mama Pacha," alisema, "niletee lile shuka jeupe lililochanika."

Siku hiyohiyo walianza. Mama Pacha alichora kwa penseli vyumba vidogo juu ya shuka, kimoja kwa kila siku. Dobi akachagua rangi. Uzi mwekundu, usiku bila usingizi. Uzi mweusi, siku ya kumeza dawa za maumivu. Uzi wa buluu, siku ya kuvishwa nguo na mkewe. Uzi wa manjano, siku aliyoshindwa kuwabeba watoto wote wawili. Kila asubuhi alitunga uzi kwa mkono wa kushoto, akafunga fundo kwa meno. Chini ya kila mstari Mama Pacha aliandika tarehe.

Bi Muhuri aliwapeleka kwa wakili wa ofisi yake, mwanamke mwembamba aliyetembea kama anayewahi treni. Wakili alifungua madai. Alimwambia Dobi asikose kliniki hata mara moja, na amwambie daktari ukweli wote. Daktari akimuuliza "vipi", asimjibu kama anayejibu salamu.

Mwezi wa nne tangu aumie, maumivu ya bega yalianza kupungua. Siku nyingine zilipita bila uzi mwekundu. Kwenye shuka vikaonekana vyumba visivyo na nyekundu, kimoja hapa, viwili pale.

Chumvi alikuja kulikagua. "Shemeji, mbona kuna mapengo?"

"Siku hizo nililala."

"Nani anajua kama ulilala? Jaza nyekundu. Jaza mpaka ukingoni. Na siku ya kikao nitakufunga bandeji ya shingo, nikusukume kwenye toroli. Mimi nitajifanya nalia."

"Kujifanya huhitaji mazoezi," alisema Mama Pacha.

Lakini Dobi aliwaza. Kweli, nani angejua? Pesa ya matibabu ya mazoezi ya bega ilikuwa haipo. Daktari alisema bila mazoezi hayo mkono hautapanda juu ya kifua tena. Watoto hawatabebeka tena wote wawili. Nyuzi nyekundu zilikuwa tele ndani ya kopo. Akachukua mmoja, akautia kwenye sindano.

Kisha akautoa.

"Kwa miaka kumi na minane," alisema, "sijaweka uzi wa mtu kwenye shati lisilo lake. Nikiweka mmoja wa uongo, hata hizi nyingine mia sitaziamini mwenyewe."

Bi Muhuri alipoambiwa, alimgeukia Chumvi. "Ungemwangusha. Uongo mdogo ukigunduliwa, ukweli wote unatupwa nao. Wewe njoo kikaoni, ukae nyuma, ufunge mdomo."

Kikao cha usuluhishi kilifanyika katika chumba cha mahakama chenye feni moja. Msuluhishi alikaa katikati ya meza, mzee mwenye sauti ya chini. Upande mmoja alikaa ofisa wa bima na faili lake. Upande mwingine wakili, Dobi na Mama Pacha. Mimi na Chumvi tulikaa nyuma.

Ofisa alisoma. "Mdai aliniambia bega ni zuri. Analala salama. Ni maneno yake."

"Ni kweli ulisema?" aliuliza msuluhishi.

"Nilisema, mheshimiwa," alijibu Dobi. "Alinisalimia, nikamjibu. Asubuhi hii nami nimemsalimia pale nje. Nimemuuliza habari, akasema nzuri. Lakini tangu tuingie amekalia upande mmoja, na kila akigeuka anashika kiuno."

Msuluhishi akamtazama ofisa. "Una nini?"

Ofisa alisita. "Mgongo, mheshimiwa. Mwezi wa pili sasa."

"Pole," alisema Dobi, na alimaanisha.

Wakili akatoa barua ya daktari. Kisha yeye na Mama Pacha wakalifungua lile shuka, wakalitandaza juu ya meza. Lilifunika meza yote na kuning'inia pande zote mbili. Siku mia moja na sitini. Upepo wa feni ulipopita juu, zile nyuzi zikasimama zote pamoja. Dobi akaeleza kila rangi. Alipofika kwenye manjano, alisimama na kidole juu ya uzi. Mama Pacha akamalizia.

Ofisa aliinuka, akashika kiuno, akainama juu ya shuka. Akaweka kidole kwenye chumba kisicho na uzi mwekundu.

"Na hapa? Hapa hukuumia?"

Nyuma kabisa, Chumvi alifumba macho.

"Hapo nililala mpaka asubuhi," alisema Dobi. "Na hapo pembeni pia. Mwezi huu ziko siku tisa kama hizo. Ningeweka uzi mwekundu, ningekuwa nakudanganya."

Msuluhishi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimeona madaftari mengi ya maumivu," alisema. "Mengi hayana siku njema hata moja. Hili linazo, ndiyo maana nazisadiki zile nyingine."

Ofisa aliomba dakika kumi, akatoka kupiga simu. Zikawa arobaini. Aliporudi, alikuwa na karatasi mpya. Wakili aliisoma kimyakimya, akamsogezea Dobi. Ilikuwa na sehemu tatu. Gharama zote za hospitali na za mazoezi ya bega yajayo. Mapato ya miezi yote aliyokosa kazi, si wiki tatu. Na sehemu ya tatu, kubwa kuliko mbili za kwanza zikijumlishwa.

Dobi aliweka kidole chini ya maneno, akayasoma mwenyewe, silabi kwa silabi. "Fi-di-a ya ma-u-mi-vu na ma-te-so."

"Sasa unaweza kutia saini," alisema wakili.

Mama Pacha alitoa kalamu nyuma ya sikio. Dobi alisaini kwa mkono wa kulia. Saini ilitoka imepinda, lakini ilitoka.

Chumvi ndiye aliyetutangulia nyumbani. Tulipofika, mtaa mzima ulikuwa umeshajua kwamba shuka lilikuwa refu kama barabara, na kwamba mahakimu saba walilia. Mimi nawaambia ilivyokuwa hasa. Msuluhishi alikuwa mmoja, na alifuta miwani tu.

Dobi alifanya mazoezi ya bega miezi sita. Alifungua tena chumba chake, akanunua pasi nyepesi ya umeme. Lile duka la samani lilifunga bango jipya kwa boliti nane. Nimezihesabu.

Na jioni moja, Mama Pacha alifika na watoto kama zamani. Dobi aliinama. Akamnyanyua mmoja kwa kushoto. Akavuta pumzi. Akamnyanyua mwingine kwa kulia. Watoto hawakupumua. Wakahesabu pamoja naye mpaka ishirini, ndipo akawashusha, jasho linamtoka, anacheka.

Bi Muhuri alikuwa akipita na kikapu.

"Baba, habari za bega?"

"Linauma kidogo, Bi Muhuri, tangu asubuhi," alisema Dobi. "Lakini limebeba wawili."