Kidani cha Hamamu

Ilianza kwa shikamoo, na ndiyo maana hakuna aliyeshituka mapema.

Afra, binti wa Hafidh, alikuwa na miaka kumi na sita, na alizaliwa hukuhuku London. Kiswahili alikielewa chote, hasa akisengenywa, lakini kujibu alijibu kwa Kiingereza. Ukimuuliza keshakula, atakwambia "Yeah, I'm fine", na macho hayatoki kwenye televisheni. Sasa Jumamosi moja ya Novemba, mwaka 1999, alishuka ngazi za nyumba yao ya Kenton, akasimama mbele ya baba yake na kusema, "Shikamoo, baba. Umeamkaje? Chai ishatiwa hiliki?"

Hafidh alimwita mkewe aliyekuwa jikoni. "Time, njoo usikie. Mtoto kasema."

"Kasema nini?"

"Kiswahili. Tena na hiliki ndani yake."

Bi Time alijifuta machozi kwa ukingo wa kanga, na mchana ule ikapikwa biriani. Wakawapigia simu jamaa zao wa Rayners Lane kujisifu. Ungewaona ungedhani mtoto kapata udaktari.

Hafidh alikuwa sonara. Mwili mpana, mzaha mwingi, nchi kumi na tisa keshazitembea na kila moja alipotea njia. Kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba alitengeneza vidani na herini kwa mfano wa vigae vya Kituruki: alichonga ua la tulipu kwenye fedha, akajaza unga wa kioo wa rangi ya feruzi na nyekundu, kisha akaupiga moto mpaka ukayeyuka na kung'aa. Kiangazi kilichopita alikuwa Istanbul, akapita penye hamamu kuukuu, bafu la umma la kale, lililokuwa likibomolewa. Juu ya kifusi akaona kipande cha kigae chenye ua zima.

Kila mtoto aliyelelewa Unguja anajua kwamba bafu lina wenyewe wasioonekana. Huingii bila kuomba kinga, hupigi mluzi, wala huchukui kitu. Hafidh alijua, ila mzaha wake ulimtangulia, kama kawaida. "Mali ya nani hii?" aliuliza kwa sauti. "Haina mwenyewe? Haya, yangu." Akakitia mfukoni. Kidani cha kwanza alichokinakili kutoka kwenye kigae kile alimvisha Afra.

Baada ya biriani ikaja harufu: maji ya moto, chokaa mbichi na sabuni ya kale, imetuama katikati ya ngazi. Balbir, fundi bomba wa mtaa, alipapasa kuta zote akasema nyumba kavu kama biskuti. Kisha kikaja kishindo, ko, ko, ko, kama mtu aliyevaa viatu vya mti vya mtalawanda anatembea kwenye sakafu ya mawe. Huko juu kulikuwa na zulia tupu.

"Labda mabomba," Bi Time alinong'ona.

"Mabomba hayageuki yakifika ukutani," Hafidh akamjibu.

Jumamosi iliyofuata, saa kumi, giza la baridi likianza kuingia dirishani, baba na binti walikuwa mezani. Afra alimenya chungwa, akamtazama baba yake, akasema polepole, "Taratibu, mzee. Fedha haitaki hasira. Hata mke ulimpata kwa taratibu." Hafidh akacheka, kisha kicheko kikamkwama, kwa sababu maneno yale alikuwa akijiambia mwenyewe, kibandani, mlango umefungwa, mwezi baada ya mwezi, mbele ya kigae kilichoegemezwa ukutani kikimtazama, na mtoto akakohoa, na kikohozi kilikuwa chake Hafidh, kile kizito cha moshi wa kuchomea, na alipoinua kidevu kumeza pande la chungwa, baba aliona chini ya ngozi ya shingo jani la samawati limetoka kwenye kidani na kupanda mpaka nyuma ya sikio, na alipoligusa kwa kidole lilikuwa baridi, gumu, laini kama ukuta wa bafu.

Akashika mkufu auvue. Haukuwa na kifungo tena.

Bi Kijakazi, mtaalamu wa Kipemba, alifika kutoka Tottenham akiwa bado na sare ya kazini. Wiki nzima huogesha wazee wa Kiingereza, na majini kwake ni kazi ya ziada. "Toeni betri ya king'ora cha moshi," alisema, akawasha udi.

Moshi ulipojaa, Afra alifumba macho. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Hafidh.

"Una nini na huyu mtoto?" Bi Kijakazi aliuliza.

"Muulize babake. Aliuliza mali ya nani. Nilijibu. Hakungoja."

"Kigae kitarudishwa," Hafidh alisema.

"Kirudi wapi? Wameegesha magari juu ya nyumba yangu. Nimebakiwa na ukuta mmoja, na ukuta ni huu." Mkono wa Afra ukajigonga kifuani. Ukatoa mlio wa udongo uliochomwa. "Yumo humu ndani. Anapiga ngumi. Anakuita kwa Kiingereza, na mimi sijui maana yake."

Bi Time akashika kinywa. Bi Kijakazi akasoma, akasoma tena, akafukiza mpaka machozi yakamtoka, na jani likazidi kupanda shavuni. Mwishowe akamgeukia Hafidh. "Jini hili halitoki bure, bwana. Linataka pa kukaa."

Hafidh alivua koti. "Njoo kwangu basi. Nitazame nilivyo. Mimi ni ukuta mkubwa zaidi, na umeshanizoea."

Kisha sauti yake mwenyewe ikamcheka. "Lete mkono ule uliokichukua kigae."

Akautoa mkono wa kulia. Kidole cha Afra kilimgusa kiganjani, na mkufu ukakatika.

"Dad?" binti alisema. "Why's everyone crying?"

Hafidh alisema hajapata kusikia Kiingereza kitamu kama kile.

Mwezi wa Februari walialikwa harusi Rayners Lane. Wanaume watano walizunguka sinia la pilau, na Hafidh akala kwa mkono wa kushoto.

"Ulaya imekuharibu, ndugu yangu," Nizar, jirani yake, alimtania. "Hata paka wa nyumbani anajua mkono wa kulia ni upi."

"Nimezeeka, naanza upya," Hafidh alisema, na wote wakacheka. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya mkono wa kanzu, juu ya goti. Mwezi wa kwanza baada ya kuguswa, maua yaliishia kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi ile, akivaa, aliyakuta begani, na tulipu moja ilikuwa imeshaelekeza kichwa kifuani.

Akaomba aongezewe achari.