Kisogo cha Khalfani

Nikitoka shule nilikuwa na ratiba yangu, na sikupenda mtu aivuruge. Navua sare, nakula, naosha sahani, kisha bibi Anifa ananikabidhi mdogo wangu Khalfani. Yeye anaswali alasiri, halafu anachukua jembe na kwenda kwenye kishamba chetu cha mihogo nyuma ya nyumba, hapa Visiga. Kuanzia hapo mtoto ni wangu mpaka mama arudi kutoka kazini Dar es Salaam, saa moja jioni.

Bibi ni mama yake baba. Alitoka Kibuta, Kisarawe, kuja kutusaidia mama alipomaliza likizo ya uzazi. Asubuhi yote alimbeba Khalfani mgongoni kwa mbeleko, akifagia naye, akipika naye. "Haya, mke mwenzangu, chukua mtoto wako," alizoea kunitania. "Mimi mgongo umeshaisha."

Sasa niseme ukweli kuhusu mimi, Fadhila. Nina miaka kumi na miwili, niko darasa la sita, na napenda televisheni kupita kiasi. Saa kumi na nusu kulikuwa na tamthilia ambayo darasa zima tuliizungumzia. Khalfani naye nilishamjua. Ukimlaza chali kwenye godoro la sebuleni, akageuza uso kulia kuelekea televisheni, ananyamaza. Ukimgeuza kushoto, analia. Basi namlaza hivyo hivyo kila siku, na khanga nimeikunja nimeisukumia ubavuni mwake asigeuke.

Alipofikisha miezi mitatu na nusu, nesi wa kliniki, sista Imakulata, aliona kisogo kimeanza kuwa bapa upande wa kulia. Hakushtuka. Alisema hutokea kwa watoto wengi wanaolalia upande mmoja. Mtoto aendelee kulala chali, lakini kichwa kigeuzwe leo huku, kesho kule. Akiwa macho alazwe kifudifudi mara kadhaa kwa siku, mtu akimwangalia, ili shingo ipate nguvu. Na asikandwe kichwa.

Hilo la mwisho lilimhusu bibi. Tangu alipokuja kwetu, bibi alikuwa akichovya kitambaa kwenye maji ya moto na kumkanda kichwa ili kiwe mviringo, kama alivyowakanda watoto wake wote kule Kibuta.

"Haya, nimesikia," alisema. "Sikandi tena."

Kazi ya kumlaza kifudifudi kila jioni nilipewa mimi. Siku ya kwanza Khalfani alilia mpaka tamthilia ikaisha. Siku ya pili sikumlaza.

"Umemlaza kifudifudi leo?" mama aliuliza akivua viatu.

"Ndiyo, mama."

"Na kichwa umekigeuza?"

"Nimekigeuza."

Ikawa hivyo kila jioni, mwezi mzima. Yaani hata aibu sikuona tena. Nilijibu kama mtu anayeitikia salamu.

Jumapili moja jirani yetu, Mama Hashiru, akaja kutusalimia. Akampakata Khalfani, akamvua kofia.

"He! Jamani, mbona kichwa kimelala upande kama boga? Nani anamkanda huyu?"

Mama alimrudishia Khalfani kofia. Mgeni alipoondoka, akamwita bibi sebuleni. Baba alikuwepo, anaangalia sakafu tu.

"Mama, nilikuomba usimkande mtoto kichwa."

"Sijamkanda tangu mliponikataza."

"Sasa kimekuwaje hivi? Fadhila anamgeuza kila siku. Anamlaza kifudifudi kila siku."

"Mimi sijui, mwanangu. Ila sijamkanda."

Mama akanigeukia. "Fadhila, wewe unakuwa nao hapa. Umewahi kumwona bibi akimkanda?"

Jibu lilikuwa hapana. Nililijua vizuri kabisa. Lakini nikisema hapana, swali linalofuata litakuwa langu.

"Sijui," nikasema.

Bibi aliniangalia kidogo. Kesho yake asubuhi alikunja khanga zake, akazitia kwenye mfuko, na baba akamsindikiza kupanda gari la kurudi Kisarawe. Hakuna aliyegombana. Hakuna hata aliyepaza sauti.

Mnajua mguu unavyoshikwa na ganzi ukiukalia muda mrefu? Mguu upo, unauona, lakini si wako. Ndivyo nilivyokuwa mwili mzima. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilidhani nitaogopa, sikuogopa. Nilikula, nikalala, nikaamka.

Nyumba nzima ilikuwa hivyo hivyo. Baba alitafuta habari za vichwa vya watoto kwenye simu, asimwambie mtu alichosoma. Mama alimwogesha Khalfani kila jioni na kupapasa kile kisogo. Hakumtoa tena nje bila kofia. Siku moja nilimsikia akimwambia baba, "Labda niache kazi." Baba akasema, "Labda." Wakaishia hapo.

Shule zilikuwa zimefungwa, ikawa sasa nashinda na Khalfani kutwa nzima, Mama Hashiru akija kutuchungulia mara kwa mara. Hakukuwa na mgongo wa kumbeba. Kulikuwa na godoro na televisheni.

Baada ya wiki mbili tulikwenda kliniki sote wanne. Sista Imakulata alimketisha Khalfani mapajani, akamzungusha taratibu, akapitisha kidole nyuma ya sikio la kulia.

"Kimezidi," alisema. "Mnaona hapa nywele zilivyokatika? Hapa ndipo anapolalia, tena saa nyingi. Na shingo imezoea kulia tu, kushoto hataki kugeuka. Hii si kazi ya kukanda."

"Si kukanda?" mama aliuliza.

"Si kukanda. Zamani alikuwa anabebwa mgongoni?"

"Na bibi yake. Asubuhi yote."

"Basi bibi alikuwa anamsaidia. Mtoto akiwa mgongoni kisogo kinapumzika. Yuko wapi huyo bibi?"

Baba alikohoa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikasikia sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine.

"Ni mimi. Sikuwahi kumlaza kifudifudi, isipokuwa siku moja. Namlaza aangalie televisheni, na namwekea khanga asigeuke. Bibi hakumkanda."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza, kisha akamgeukia nesi. "Atapona?"

"Akili yake haina shida, na kichwa cha miezi mitano bado kinakua. Mkifanya niliyowaambia, kitajaa. Televisheni hiyo muizime. Na wewe, binti, usimwekee tena nguo pembeni. Ikimfunika uso, atakosa hewa."

Jumamosi tulikwenda Kibuta. Bibi alikuwa uani anamenya mihogo. Baba alimwamkia, kisha akanisukuma bega. "Sema mwenyewe."

Nikasema yote. Bibi alisikiliza huku kisu kikiendelea na kazi. Mama akapiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kutokea. "Nimekukosea, mama. Nisamehe."

"Inuka, mwanangu, utajichafua," bibi alisema. "Yamekwisha. Nipe mtoto." Akamfunga Khalfani mgongoni, akarudi kwenye mihogo yake. Mimi hakuniambia kitu.

Alirudi nasi Visiga. Televisheni ikafunikwa kitambaa. Kila jioni nilitandika mkeka, nikamlaza Khalfani kifudifudi, nami nikalala kifudifudi mbele yake nikitikisa funguo upande wa kushoto. Mwanzoni alilia dakika tatu, akachoka. Wiki zilivyopita akaanza kuinua kichwa, kisha kifua. Godoro nalo tulilihamisha, ili mlango na mwanga viwe kushoto kwake. Mama alipouliza nilimjibu ukweli, hata siku ile nilipochelewa nikamlaza mara moja tu. Lakini ganzi haikuniachia. Niliyafanya yote kama mtu anayefua nguo za jirani.

Khalfani alipofikisha miezi tisa, sista Imakulata alikizungusha kichwa mikononi, akatabasamu. "Ukitafuta sana utaona ubapa kidogo. Nywele zikikua, hata huo hutauona. Mmefanya kazi." Mama alimvua kofia palepale, akaitia mkobani.

Tulipofika nyumbani bibi aliniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda.

"Fadhila, nimengoja kichwa cha mtoto kikae sawa kwanza. Sasa nakwambia. Mama yako aliponituhumu sikuumia sana, maana yeye hakuwa anajua. Wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, bibi."

"Ulisema neno moja tu, 'sijui', ukaona si uongo mkubwa. Kwa neno hilo mimi niliondoka nyumbani kwa mwanangu kama mwizi, na mtoto akakosa mgongo wiki mbili. Ukikosea, kosa ni lako, tutakusaidia kulibeba. Ukilinyamazia, unamtwisha mtu asiye na hatia. Siku nyingine ukiulizwa unachokijua, kiseme, hata kama kitakuchoma wewe. Umenielewa?"

Nilitaka kusema ndiyo. Badala yake nililia kwa sauti, nikapiga kelele kama mtoto mdogo, machozi ya miezi minne yote kwa pamoja, mpaka Mama Hashiru akachungulia juu ya ua kuuliza nani kafa.

"Hajafa mtu," bibi alimjibu, akanivuta nikalaza kichwa mapajani mwake. "Mwache alie."